GPA ya Mkamwana

Watu huniuliza nilifanyaje mpaka GPA yangu ikapanda, nami huwajibu kwamba haikupanda. GPA ya digrii ikishatoka imetoka, hata ukiililia machozi ya damu. Yangu ilikuwa mbili nukta tatu, shahada ya sayansi, baiolojia, na kila nilipoitoa bahasha ya matokeo nilihisi kama nimekwamwa na mwiba wa samaki kooni.

Mwaka wa kwanza nilikamata sapu mbili za kemia, yaani mitihani ya kurudia. Moja nikaifaulu, nyingine nikaikeri, nikaibeba nayo mpaka mwaka wa pili. Mwaka wa pili nikaolewa. Mwaka wa tatu niliingia kwenye chumba cha mtihani na tumbo kubwa, miguu imevimba, msimamizi ananiangalia mimi kwa wasiwasi huku nyuma yangu watu wanaangalizia watakavyo. Sisemi haya kujitetea. Nayasema kwa sababu watu wanadhani mwenye GPA ndogo ni mvivu, na uvivu nao unataka nafasi. Mimi nafasi hiyo sikuwa nayo.

Udaktari niliutaka tangu nikiwa sekondari, nao ulinikataa mapema, ndiyo maana nikaangukia baiolojia. Nilipomaliza nikauendea tena. Mama mmoja wa ofisi ya udahili kule Dar es Salaam alinieleza bila kuinua macho kwamba kwa GPA ile nisijisumbue kuomba. Nikamuuliza nifanyeje. Akasema, "Kaanze chini. Kasome stashahada ya utabibu, utoke na GPA isiyopungua tatu, ndipo uje tuzungumze." Alisema kama mtu anayekuelekeza duka la pili kushoto. Miaka mitatu mingine, jamani, na digrii ninayo mkononi.

Nyumbani ni Kilwa Masoko, kwa wazazi wa mume wangu. Mimi mwenyewe kwetu ni Milola, watu wa korosho na mihogo. Mume wangu anauza nyavu na vifaa vya uvuvi. Nilipomweleza, akasema, "Nenda. Ila ujue mtoto ataniuliza mimi." Mama mkwe yeye alikuja juu. "Wenzio wanapanda ngazi wewe unashuka? Una digrii unarudi stashahada? Kesho utarudi chekechea." Nikacheka.

Aliyenishika mkono alikuwa baba mkwe. Hakunishika mkono kweli, maana kati ya mkwe na mkamwana hakuna cha mkono. Alisema tu kutoka barazani, bila kugeuka, "Mwacheni mtoto asome." Maneno yakaishia hapo. Katika nyumba ile yeye akishasema, hata paka haongezi.

Ni lazima nieleze heshima ya nyumba ile ilivyokuwa, la sivyo yatakayofuata hayataeleweka. Mimi na baba mkwe tulipendana sana, na tulipendana kwa mbali. Akiingia sebuleni, mimi natoka. Nikimpelekea chakula, natua sinia chini, napiga goti, nasema karibu baba, naondoka kabla hajanawa. Kichwa changu hajapata kukiona kikiwa wazi. Siku moja alitoka kuoga akiwa na kikoi tu, kifua wazi, tukakutana uani. Nilikimbilia jikoni na ndoo ya maji nikaimwaga njiani, naye akarudi bafuni akakaa humo mpaka nilipoondoka. Hakuna aliyelitaja jambo hilo tena. Lakini pweza wa nazi niliyempika mimi hakumwachia mtu, na mama mkwe akilalamika kwamba wa kwake haliwi, mzee anasema, "Na mtoto naye ajisikie," na huku anakomba sinia.

Basi nikaenda Lindi kusoma. Wenzangu darasani walikuwa vitoto vya kidato cha nne, wakaniita shangazi. Shangazi tupe desa, tunakili notisi zako. Shangazi umeelewa? Shangazi usilale, mwalimu anakuangalia. Nilichoka, wallahi. Sikujua kwamba kichwa kinaweza kuuma kama mgongo. Kila likizo fupi nilipanda basi mpaka Nangurukuru, nikashuka kungoja gari la Masoko, na pale stendi, kati ya wauza mayai ya kuchemsha na makondakta wanaovutana mabegi ya watu, nilifungua madaftari nikasoma. Mama mmoja wa chapati alinizoea. Akaniwekea kibao nyuma ya jiko lake, ananipigia kelele gari langu likifika. Kwa binti yangu nilifika nikiwa na harufu ya moshi, naye akawa ananinusa kwanza ndipo anikumbatie.

Nyumbani nako sikupumzika. Mkamwana hapumziki nyumbani kwa wakwe, hata awe profesa. Nilifika, nikafunga kanga, nikaingia jikoni, na karatasi yenye mchoro wa mwili na mishipa ya fahamu nimeibandika juu ya mtungi wa gesi. Mama mkwe alikuwa akiisoma picha ile na kusema, "Huyu naye amechunwa na nani?" Alikuwa na utani wake, sikatai. Ila siku nyingine utani unakukuta umechoka.

Jambo moja lazima niliseme. Nilikuwa nimeanza kuona kila kitu kwa nukta. Mwalimu akinipa jaribio, sikuona jaribio, niliona nukta mbili. Mgonjwa akiletwa wodini anahema, wenzangu wanamwona mgonjwa, mimi namwona swali la mtihani. Nilifurahi akija mwenye ugonjwa adimu. Naona haya kuliandika, lakini ndivyo GPA inavyomfanya mtu aliyewahi kuangushwa nayo. Mwenye kuanguka mara moja hutembea akitazama chini.

Mwaka wa mwisho nilikuwa karibu kabisa. Ulibaki mtihani wa vitendo wa upasuaji. Nikipata A ninavuka ile tatu. Nikipata B ninabaki chini kidogo, na mbele ya ofisi ya udahili chini kidogo ni sawa na chini kabisa. Nikipata sapu ndiyo basi, kwa sababu mtihani wa sapu, hata ujibu kama malaika, unaandikiwa C. Mume wangu aliponipigia simu jioni ya kuamkia siku ile hakuniuliza nimejiandaaje. Alisema, "Hii ndiyo ya mwisho, eh? Maana hata mimi nimechoka." Nikasema ndiyo ya mwisho. Tukakata simu wote tumechoka.

Majuma yale hospitalini kulikuwa na wazee wengi waliokuja kufanyiwa upasuaji wa mabusha. Pwani yetu ugonjwa huo si mgeni. Korodani hujaa maji, zikavimba mwaka hadi mwaka, na mzee akaficha kwa kanzu pana na msuli mpaka hawezi tena kutembea. Watu wanalifanyia utani kijiweni, lakini mwenye nalo hacheki. Wengi wanakuja kwa siri. Anakuambia ametoka kijiji fulani, kumbe katoka kingine.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa mgonjwa halisi. Unapewa namba ya kitanda, unaingia, unamhoji mgonjwa, unampima, kisha unamweleza mtahini ugonjwa ni nini na utamtibuje. Mtahini wangu alikuwa mwanamume mtu mzima kutoka bara, mwenye miwani, asiyetabasamu. Kulikuwa na muuguzi mmoja wa kiume aliyesimama pembeni. Nikapewa kitanda cha dirishani. Mtahini akavuta pazia.

Aliyelala pale alikuwa baba mkwe.

Mama wee! Nyumbani alikuwa ameaga anakwenda Mtwara kumwangalia dada yake mgonjwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemtumia salamu za kumpa huyo dada yake, kwa simu ya mume wangu. Alikuwa amevaa shati la hospitali, kichwa hakina kofia, na mimi sikuwa nimewahi kuona kichwa chake bila kofia. Alikuwa na kipara. Miaka yote ile ndani ya nyumba moja, sikujua kwamba baba ana kipara.

Naye aliniona. Macho yake yalifunguka, kisha yakaganda.

Mtahini akauliza kama alivyouliza kwa kila mwanafunzi, "Kabla hatujaanza. Mnafahamiana?"

Kanuni ilikuwa hiyo. Ukimfahamu mgonjwa unasema, unabadilishiwa kitanda ikiwa kipo, na siku ile vitanda vilikuwa vimeisha, mimi nilikuwa wa mwisho kabla ya watahini kuondoka. Nikisema ndiyo, mtihani wangu unabaki kiporo, na kiporo kile kilikuwa sapu tu kwa jina jingine. Nilifungua mdomo. Nilikuwa nakwenda kusema ndiyo. Namshuhudia Mungu, nilikuwa nakwenda kusema.

"Hatufahamiani," akasema baba mkwe. Alimtazama mtahini moja kwa moja. "Binti huyu sijapata kumwona."

"Endelea," mtahini akaniambia.

Nikasogea kitandani. Nikasema, "Shikamoo, mzee." Sijapata kumwita mzee. Siku zote baba.

"Marahaba."

Nikaanza kumhoji mtu niliyemjua. Umri wako? Kazi yako? Umeoa? Watoto wangapi? Alinijibu yote polepole, wazi, kwa utaratibu ambao sijawahi kuupata kwa mgonjwa yeyote. Hakuruka kitu. Tatizo lilianza lini? Akasema ni miaka mingi, alianza kuona uzito upande mmoja, akadhani ni kuchoka na kazi. Kuna homa? Zilikuwepo, zinakuja zinaondoka. Kujisaidia haja ndogo? Akajibu. Tendo la ndoa? Hilo nalo limo kwenye maswali, na mtahini alikuwa anaandika. Niliuliza nikitazama vifungo vya shati lake. Akajibu hilo nalo, sauti ileile, kama anayetaja bei ya samaki.

Kisha mtahini mwenyewe akanikatiza. "Mzee, nyumbani nani anakuhudumia?"

"Yupo mke wangu. Na yupo mkamwana wangu, ndiye anayenipikia."

"Wanajua una tatizo hili?"

"Hajui mtu. Hata mke wangu nilimwambia ni ngiri ndogo tu, imepona."

"Miaka yote hiyo? Kwa nini usiseme ukatibiwa mapema?"

"Nyumba ina mkamwana, daktari," akasema baba mkwe. "Ningesemaje?"

Hakunitazama. Mtahini alitikisa kichwa, akaandika. Muuguzi akacheka kidogo puani, kicheko cha vijana, na mimi nilitamani kumzaba kibao.

Ikabaki kumpima. Nilinawa, nikavaa glavu, nikasema, "Naomba ruhusa nikupime, mzee." Akasema, "Haya." Akavuta shuka ya juu akajifunika uso, akageukia dirishani. Sitaandika zaidi ya hapo. Kuna mambo mtu akiyaandika anakuwa ameyafanya mara ya pili. Nitasema tu kwamba mikono yangu ilifanya kila ilichofundishwa, kwa mpangilio, pamoja na kumulika kwa tochi ili kuonyesha kwamba kilichojaa ni maji wala si utumbo ulioshuka, na nilikuwa nikieleza kila hatua kwa sauti kwa sababu maelezo yana alama. Sauti ilikuwa yangu. Ila niliisikia ikitoka mbali, kwa mtu mwingine ambaye hakuwa ameolewa popote. Nilipomaliza nilimfunika vizuri mpaka miguuni, nikasema asante mzee. Kutoka chini ya shuka akasema, "Mungu akusaidie, binti." Kama anavyoambiwa mpita njia.

Nilipata A. Mtahini aliniambia hajaona mwanafunzi aliyetulia vile mwaka mzima. Nikaenda nyuma ya jengo la kufulia nikatapika.

Matokeo yote yalipotoka nilikuwa nimevuka tatu. Kidogo tu, lakini nimevuka, na safari hii kidogo ilikuwa sawa na sana. Nikarudi Masoko. Baba mkwe naye alikuwa amesharudi kutoka Mtwara yake, anatembea kwa uangalifu wa mtu aliyepasuliwa, na mama mkwe anamlaumu wifi yake kwa kumkondesha mzee. Jioni ile nilimpika pweza. Nikaingia na sinia, nikatua, nikapiga goti, nikasema karibu baba.

"Nimeshiba," akasema.

Nikadhani amechoka. Kesho yake akashiba tena. Keshokutwa akamwambia mama mkwe, mimi nikiwa nasikia, "Chakula changu uwe unapika wewe." Akiwa barazani na mimi ninatoka, anainuka anaingia ndani. Shikamoo yangu akawa anaiitikia kwa kikohozi. Mwanzoni mama mkwe alishangaa, kisha akapata wa kumlaumu. "Umemfanyia nini mzee?" Sijamfanyia kitu, mama. "Mtu hawezi kukuchukia hivihivi. Lipo ulilolifanya." Jirani akamsaidia: hawa wakishasoma ndivyo wanavyokuwa, usomi unawapanda kichwani, hata wakwe hawawaoni. Mume wangu akaniuliza chumbani, nikamwambia muulize baba yako. Akamuuliza. Baba yake akamwambia hakuna kitu. Basi kosa likabaki kwangu, maana mzee hana kosa.

Ningesema nini? Siri ya mgonjwa haitolewi, hilo nilifundishwa siku ya kwanza darasani. Lakini hata nisingefundishwa, ningeanzia wapi kumwambia mume wangu? Nikanyamaza, nikasonga ugali, nikaosha vyombo, nikatukanwa kwa mafumbo. Na nilimkasirikia. Ndiyo, nilimkasirikia mzee wa watu. Alisema hanijui ili mimi nipite, nami nikapita, halafu akanihukumu kwa kupita. Usiku nililia kwa hasira, siyo kwa huzuni. Nilikuwa nimepata nukta zangu zote, na nilikuwa nimekosa mtu mmoja wa kunijibu shikamoo.

Nafasi ya udaktari ilipotoka, niliiona kwenye simu nikiwa nachambua mchele. Mume wangu alipiga kelele mpaka watoto wa mtaani wakaingia. Mama mkwe akapiga vigelegele, akavikatisha katikati, kama aliyekumbuka jambo. Akanivuta pembeni. "Nimefurahi, mwanangu. Ila huondoki kwenye nyumba hii na kinyongo cha baba yako. Utamwomba radhi kwanza."

"Kwa kosa gani, mama?"

"Unalijua wewe na yeye."

Hapo hakukosea.

Tulikaa sebuleni siku ya Ijumaa, baada ya alasiri. Baba mkwe kwenye kiti chake, mama mkwe na mume wangu kwenye mkeka, mimi nimepiga magoti karibu na mlango, kanga mpaka kwenye paji la uso. Magoti yalikuwa yananiuma. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba niliona heri aniambie lolote, anilaani hata, nikapande gari. Nikasema, "Baba, ninakuja mbele yako kuomba radhi. Kama lipo nililokukosea, niwie radhi. Safari yangu ni ndefu."

Mama mkwe akakohoa. Mume wangu akaniangalia kwa huruma, akaangalia dari.

"Tokeni," akasema baba mkwe.

Nikaanza kuinuka.

"Si wewe. Wao."

Wakatazamana. Haijatokea katika nyumba ile baba mkwe na mkamwana kubaki wawili chumbani. Mama mkwe alitaka kusema neno, akaliacha. Wakatoka, mlango wakauacha wazi kama adabu inavyotaka.

Baba mkwe akageuza kiti, polepole, mpaka mgongo wake ukawa kwangu na uso ukutani. Aliposema, alisema kwa sauti ndogo sana hivi kwamba ilibidi niache kupumua ili nisikie.

"Upande wa pili nao umeanza."

Nikatazama mlango uliokuwa wazi.

"Kule hospitali siwezi kurudi. Watanijua sasa. Na hapa ndani hakuna ninayeweza kumwambia." Akajikuna kisogo, kipara chini ya kofia. "Nimekaa nikisema nitakwambia kesho, nitakwambia kesho. Nikikuona nashindwa. Na sasa unaondoka."

Hasira yote ilinitoka. "Tangu lini, baba?"

"Tangu Maulidi. Na huu unauma, mwanangu. Ule haukuwa unauma."

Nikainuka, nikafunga mlango, nikarudi nikakaa karibu naye.